Ufa usioonekana: Kutoka chungu cha Ilesi hadi panga la turbini

"Hitilafu ya kimitambo." Maneno hayo matatu tumeyazoea mno. Ndege ikianguka, umeme ukipotea nchi nzima, lori likikatika ekseli mlimani, msemaji husimama mbele ya vinasasauti na kutuarifu kwamba chanzo ni hitilafu ya kimitambo. Nasi huitikia kwa kichwa kana kwamba tumeelezwa jambo. Kwa hakika hatujaelezwa chochote. Tumeambiwa tu kwamba chombo kiliharibika kwa sababu kiliharibika.

Neno lenyewe halina hatia. Hitilafu tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni tofauti, kutolingana. Ndiyo maana hadi leo tunasema watu wawili wamehitilafiana, yaani wametofautiana. Jambo ambalo limenivutia kuandika makala haya ni kwamba wale ambao kazi yao ni kuzuia ajali hizo, mafundi wanaokagua mapanga ya turbini na injini za ndege kutafuta nyufa zisizoonekana kwa macho, wanaitafuta hitilafu kwa maana hiyohiyo ya zamani. Hawavunji chuma kuona kilicho ndani. Wanakiuliza chuma swali, kisha wanasikiliza ni wapi jibu linatofautiana.

Wengi hudhani kwamba hii ni elimu iliyoshuka juzi kutoka Ulaya na Marekani pamoja na mashine zake, na kwa hiyo Kiswahili hakina la kusema juu yake. Mimi nadai kinyume. Historia ya ukaguzi huu ni ndefu, mlango wake wa kwanza ni sikio la binadamu, na mlango huo ulikuwa wazi katika masoko yetu kabla ya turbini ya kwanza kuzunguka. Tena nadai kwamba namna tunavyotumia lugha katika kazi hii si pambo. Inaweza kuokoa maisha au kuyapoteza.

Konzi juu ya chungu

Nimezaliwa na kulelewa Shinyalu, upande wa Waisukha. Ukitoka Kisumu kwenda Kakamega, ukishapita Khayega, utafika Ilesi, na hutahitaji kuuliza. Vyungu, mitungi na vyombo vya maua vimepangwa kando ya barabara, kazi ya mikono ya akina mama ambao walirithi ufinyanzi kutoka kwa mama zao. Udongo huchimbwa, hupondwa, hufinyangwa, huanikwa polepole kivulini, kisha huchomwa kwa kuni na nyasi mahali pa wazi. Moto wa namna hiyo haulingani pande zote. Upande mmoja ukipata joto kwa pupa, au unyevu ukibaki ndani ya udongo, chungu hupata ufa. Pengine ufa huo huonekana. Pengine ni mwembamba kuliko unywele, nao umefunikwa na masizi.

Mnunuzi mwenye busara hafanyi haraka kutoa pesa. Hukiinua chungu, hukigota kwa konzi za vidole, na kusikiliza. Kizima hulia mlio mwangavu unaodumu kidogo hewani. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa, kama ya mtu anayegonga gogo bovu. Sababu yake inaeleweka vyema. Chungu kikigotwa hutetemeka chote kwa pamoja, na mtetemo huo ndio mlio tunaousikia. Ufa unaukatiza mtetemo. Kingo zake mbili husuguana, nishati ikapotea katika msuguano, na sauti ikazimika kabla ya wakati wake.

Nilipokuwa mtoto niliwahi kumsikia mama yangu akimwambia mfinyanzi, kwa Kiisukha ambacho hapa nakiweka katika Kiswahili, "Dada, hiki naona kina walakini." Mfinyanzi hakukasirika. Alimjibu, "Umekibana na kifua, dada. Kiweke juu ya kiganja kilicho wazi, kisha ukigote tena." Mama akafanya hivyo, na chungu kikalia. Katika jibu lile mna kanuni ambayo leo hufundishwa vyuoni kwa maneno marefu: kabla ya kukilaumu chombo, hakikisha kwamba namna yako ya kupima haijaleta kasoro ambayo chombo hakina. Kuna hatari ya kuukosa ufa uliopo, na kuna hatari ya kuuona ufa usiokuwepo. Ya kwanza huua. Ya pili hutupa vyombo vizima jalalani na kuwafilisi watu.

Angalia pia neno alilolitumia mama: walakini. Ni "wa" na "lakini" za Kiarabu zilizoungana, nasi tukazigeuza nomino. Hakusema kina ufa. Alisema kina "lakini" ndani yake, kina jambo linalotia shaka. Nitalirudia neno hili baadaye, maana lina kazi.

Nyundo, mafuta na chaki

Reli ilipoanza kuenea Ulaya katika karne ya 19, kugota kulipata ajira rasmi. Stesheni nyingi zilikuwa na mtu mwenye nyundo ya mpini mrefu aliyepita kando ya gari moshi na kugonga gurudumu moja baada ya jingine. Lililolia liliachwa liende, lililonyamaza lilitolewa. Huyo alikuwa mnunuzi wa chungu aliyevaa sare. Reli nayo ilitufikia. Ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi lake likafika Butere, jirani na kwetu.

Mbinu ya pili ilizaliwa katika karakana hizohizo za reli. Kipande cha chuma kilipakwa au kuchovywa katika mafuta mepesi, kikaachwa kwa muda, kikapanguswa kikauka, kisha kikapakwa chokaa au chaki nyeupe. Mafuta yaliyokuwa yameingia ndani ya ufa yalirudi kunyonywa na chaki, na mstari mweusi ukajichora pale ambapo jicho halikuona kitu. Mafundi wetu wa jua kali wanaijua mbinu hii hadi leo. Nimewaona wakiipaka mafuta taa sehemu ya injini wanayoishuku, wakiifuta kwa kitambaa na kuipaka unga wa chaki, kisha wakasubiri. Ukimwuliza fundi anafanya nini atakwambia tu, "Naangalia kama iko na crack." Neno la Kiingereza linateleza kinywani mwake ilhali ufa upo, nao una herufi tatu tu.

Mapema katika miaka ya 1940, ndugu wawili wa Kimarekani, Robert na Joseph Switzer, waliiboresha mbinu hiyo kwa kuitia rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Leo mapanga ya injini za ndege hupakwa rangi hiyo katika chumba chenye giza, na ufa hung'aa kwa kijani kama mstari wa kimulimuli. Hata hivyo, wazo ni lilelile la mafuta na chaki, na lina mpaka uleule: huonyesha tu ufa uliofika juu ya uso. Ulio ndani kabisa hauna mlango wa kuingizia rangi.

Chuma nacho huchoka

Kwa nini chuma kizima kipate ufa? Swali hili liliwasumbua wahandisi kwa miaka mingi. Tarehe 8 Mei 1842, ekseli ya kichwa cha gari moshi ilikatika karibu na Meudon, Ufaransa, kwenye njia ya kutoka Versailles kwenda Paris. Mabehewa yaliparamiana yakashika moto, na zaidi ya watu 50 wakafa, wengi wakiwa wamefungiwa ndani kwa kuwa milango ilikuwa imekomewa kwa nje. Ekseli ile haikuwa imebebeshwa mzigo kupita kiasi. Ilikatika ikifanya kazi yake ya kila siku.

Mjerumani August Wöhler ndiye aliyelifuatilia jambo hilo kwa subira katika miongo iliyofuata. Alizipima ekseli za reli akagundua kwamba mzigo ambao chuma kinaubeba mara moja bila taabu unaweza kukivunja ukirudiwa mara elfu nyingi. Kila mzunguko huufungua ufa kwa kiasi kidogo mno kisichopimika kwa macho, hadi siku ambapo chuma kilichobaki hakitoshi tena kuubeba mzigo. Hali hiyo ndiyo tunayoiita uchovu wa chuma, na naipenda istilahi hii kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kupinda waya huku na huku hadi ukakatika anaielewa papo hapo.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia ya Entebbe. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya ratiba ya kubeba abiria kwa injini za jeti. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone kabla ya kufika. Wazee waliokuwa wakiishi kando ya Ziwa Viktoria wakati huo waliiona enzi ya jeti kabla ya miji mingi ya Ulaya. Ndege iliyofanya safari hiyo ilijulikana kwa herufi G-ALYP. Tarehe 10 Januari 1954, ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo Comet nyingine, iliyokuwa ikitoka Rome kwenda Cairo na kisha Johannesburg, ikaanguka karibu na Naples na watu 21.

Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, walichukua Comet nyingine wakaitumbukiza katika tangi kubwa la maji, wakawa wanajaza na kupunguza shinikizo ndani yake kana kwamba inapaa na kutua. Baada ya jumla ya mizunguko 3,057, ikihesabiwa pamoja na ile iliyoruka kikweli, bodi yake ilipasuka. Ufa ulikuwa umeanzia karibu na kona ya dirisha, penye matundu ya ribiti. Hakuna aliyekuwa ameuona. Hapakuwa na hitilafu ya kimitambo kwa maana ya wasemaji wetu. Palikuwa na uchovu, na uchovu una historia, una hesabu, una mahali unapoanzia.

Mwangwi ndani ya chuma

Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ambayo leo inamulika mifupa yetu hospitalini. Picha ya mkono wa mkewe inajulikana duniani kote. Picha isiyojulikana sana ni ile ya bunduki yake ya kuwindia, ambamo kasoro ndani ya chuma ilionekana bila bunduki kufunguliwa. Daktari na fundi wa vyuma walipewa zawadi moja.

Hatua iliyofuata ilirudi kwenye sikio. Mwaka 1928, Mrusi Sergei Sokolov alipendekeza kutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika ili kupekua ndani ya vyuma. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Floyd Firestone nchini Marekani na Donald Sproule nchini Uingereza walitengeneza, kila mmoja kivyake, vifaa vya kutuma sauti hiyo ndani ya chuma na kuupokea mwangwi wake.

Hesabu yake si ngumu. Sikio la binadamu linasikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Kifaa cha ukaguzi kwa kawaida hutumia kati ya milioni moja na milioni kumi. Katika chuma cha pua au cha kawaida, sauti husafiri karibu mita 5,900 kwa sekunde. Ikiwa mwangwi umerudi baada ya sehemu 20 za milioni ya sekunde, basi sauti imekwenda na kurudi jumla ya milimita 118, na kilichoirudisha kiko kina cha milimita 59. Fundi akijua kwamba chuma chake kina unene wa milimita 100, basi mwangwi huo wa 59 haukutoka upande wa pili. Umetoka kwenye kitu kilicho katikati, ambacho hakikutakiwa kuwapo. Hapo ndipo ilipo hitilafu: jibu limetofautiana na lile lililotarajiwa.

Kuna mbinu nyingine pia. Chuma kinachoshika sumaku hufanywa sumaku kisha hunyunyiziwa unga wa chuma, nao hukusanyika palipo na ufa. Kwa vyuma vinavyopitisha umeme, mikondo midogo ya kuzunguka huamshwa juu ya uso, na ufa huikatisha njia. Mbinu hazishindani. Kila moja ina ufa inaouona na ufa inaoupita bila kuusalimu.

Turbini zetu wenyewe

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanatuhusu vipi sisi wa Shinyalu? Yanatuhusu kila tunapobonyeza swichi. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa rasmi tarehe 29 Aprili 1954, wiki tatu baada ya Comet ya pili kuanguka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 umeme wake ulivuka mpaka kuja Kenya. Baadaye tukajenga yetu katika Mto Tana, Turkwel na Sondu. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini ulianza kazi Olkaria ukiwa na megawati 15. Na kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, kuna turbini za upepo 365.

Kila mahali panga la turbini lina adui yake. Kwenye maji, viputo vidogo hutokea pale shinikizo linaposhuka, kisha hupasukia juu ya panga na kulitoboa polepole, huku mchanga ukilisugua. Olkaria, mvuke hupanda pamoja na madini na gesi yenye harufu ya mayai viza, ambavyo hukishambulia chuma kilichokwisha kubeba mzigo. Katika injini ya ndege, gesi inayolipiga panga huwa na joto kupita lile linaloweza kuliyeyusha, na panga hupona kwa sababu tu ndani yake mna njia nyembamba za hewa ya kulipoza. Njia moja ikiziba, nje hutaona kitu.

Mapanga ya turbini za upepo yana kisa cha kufurahisha zaidi. Hayo kwa kawaida hutengenezwa kwa tabaka za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Adui wake ni tabaka kuachana ndani kwa ndani. Wakaguzi wana kamera zinazoruka, kamera za joto na vifaa vya mwangwi. Lakini pia hutumia nyundo ndogo. Hugotagota juu ya panga na kusikiliza. Palipo pazima hulia. Palipoachana hutoa sauti iliyokufa. Kwa maneno mengine, katika teknolojia inayosifiwa kuwa ya kesho, kugota kwa wafinyanzi wa Ilesi hakujastaafishwa.

"Hakuna" na "sikuona"

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu, ambacho ni cha lugha.

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya United Airlines iliyokuwa ikitoka Denver kwenda Chicago ilipoteza injini ya mkiani. Sahani ya titani inayoshika mapanga ya mbele ya injini hiyo ilipasuka, na vipande vyake vikakata mabomba yote ya mfumo wa kuiongozea ndege. Marubani waliiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki hadi Sioux City. Kati ya watu 296, walikufa 112. Uchunguzi ulionyesha kwamba kasoro ilizaliwa siku chuma kilipoyeyushwa kiwandani, karibu miaka 18 nyuma. Zaidi ya hayo, sahani ile ilikuwa imekaguliwa kwa rangi inayong'aa mwaka uliotangulia ajali, na wachunguzi walihitimisha kwamba wakati huo ufa ulikuwa tayari umefikia karibu nusu inchi. Ulikuwa wa kuonekana. Haukuonekana. Sahani ikarudishwa kazini ikiwa na cheti.

Tarehe 17 Aprili 2018, panga moja la feni ya injini ya Boeing 737 ya Southwest lilikatika kwenye shina lake, mahali ambapo limechomekwa ndani ya sahani na hakuna jicho linalofika. Kipande cha injini kilivunja dirisha, ndege ikatua kwa dharura Philadelphia, na abiria mmoja akafa. Siku chache baadaye mamlaka za anga za Marekani na Ulaya ziliamuru mapanga ya aina hiyo yakaguliwe kwa mwangwi. Injini za familia hiyo ndizo zinazobeba Boeing 737-800, ndege ambazo Kenya Airways nayo imezitumia. Kwa hiyo amri iliyotokana na msiba wa Philadelphia ina uzito pia kwa anayepanda ndege Kisumu au Mombasa.

Katika visa hivyo kuna sentensi moja iliyojificha. Mkaguzi anapomaliza kazi yake huandika neno fupi la kumaanisha: pako sawa. Kwetu tungesema "iko sawa", "haina shida", "hakuna ufa". Lakini mkaguzi hajui kwamba hakuna ufa. Anachokijua ni kwamba yeye, kwa mbinu hii, siku hii, katika mwanga huu, hakuuona ufa. "Hakuna ufa" ni habari kuhusu chuma. "Sikuona ufa" ni habari kuhusu mtu. Kati ya sentensi hizo mbili ndimo walimokufa watu wa Sioux City.

Kiswahili kinatuwezesha kuzitenganisha kwa urahisi wa kupendeza. "Haina ufa" hukataa kuwapo kwa ufa. "Ufa haukuonekana" hukataa kuonekana kwake tu, wala haitaji aliyetafuta. "Sikuona ufa" humweka mkaguzi ndani ya sentensi, na papo hapo maswali yanafuata: Ulitumia nini? Ulitazama wapi? Ulifika kina gani? Ndiyo sababu nasema ripoti ya ukaguzi iandikwe kwa nafsi ya kwanza: "Nilikagua shina la panga kwa mwangwi, hadi kina fulani, sikuona ufa unaozidi milimita kadha." Sentensi hiyo si dalili ya woga. Ni ukweli kamili, na fundi wa zamu inayofuata anaweza kuufanyia kazi.

Maneno manne, kazi nne

Tuna utajiri ambao tumeuacha ukaparaganyika. Katika mazungumzo ya kawaida tunatumia walakini, hitilafu, ufa na kasoro kama kwamba ni visawe. Wakaguzi wa vyuma duniani hutenganisha ngazi kadhaa, na maneno yetu yanaweza kuzibeba bila kuazima hata moja.

Ngazi ya kwanza ni ishara yoyote inayotia shaka: mstari wa kijani, mwangwi usiotarajiwa. Huo ni walakini. Huenda ni ufa, huenda ni uchafu au mkono uliokibana chombo, kama alivyofundisha yule mfinyanzi. Ya pili, ikithibitika kwamba chuma chenyewe kinatofautiana hapo, hiyo ni hitilafu. Ya tatu ni kuitambua aina yake: ni ufa, ni kiputo, ni tabaka zilizoachana? Ya nne ni hukumu. Si kila hitilafu inakiharamisha chombo. Nyingine ni ndogo na zinaruhusiwa. Ile inayovuka kipimo kilichowekwa ndiyo kasoro. Neno hilo lina asili ya kupungukiwa, kutofikia, ndiyo maana tunasema saa tatu kasorobo. Chombo chenye kasoro hakikukifikia kipimo.

Kuhusu jina la kazi yenyewe, nimekutana na majaribio kadhaa ya kulitafsiri, mengine marefu kama gari moshi. Mimi nachagua "ukaguzi usioharibu": maneno mawili yanayosema kila kitu. Panga libaki panga, kwa kuwa tayari tuna pangaboi na watu husema mapanga ya helikopta. Mwangwi ubaki mwangwi. Uchovu wa chuma ubaki ulivyo. Kwa turbini sina ugomvi na umbo la mkopo, mradi tukubaliane juu ya moja.

Wapo watakaosema kwamba mafundi husomea Kiingereza na hufanya mitihani ya Kiingereza, hivyo hizi ni porojo za profesa. Nawaomba wasimame dakika tano nje ya karakana yoyote ya chuo cha ufundi, iwe Sigalagala au kwingineko, na kusikiliza. Mwongozo wa mashine ni wa Kiingereza, lakini fundi na msaidizi wake huulizana kwa Kiswahili: "Umecheki hapo chini?" "Nimecheki." "Iko aje?" "Iko tu sawa." Uamuzi unafanyika ndani ya lugha hiyo, wala haufanyiki ndani ya mwongozo. Ikiwa lugha ya uamuzi ni ya kubahatisha, cheti kizuri cha Kiingereza hakitaubadilisha ufa.

Kenya imezungumzia baraza la Kiswahili kwa miaka mingi. Watanzania walianzisha BAKITA mwaka 1967, na mwaka 1990 TUKI ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi ya vyuma na mitambo inahitaji hatua kama hiyo, na haitafanywa na wanaisimu peke yao. Naomba walimu wa ufundi, wahandisi wa mabwawa, wakaguzi wa ndege na mafundi wa jua kali waitwe kwenye meza moja na sisi, na waulizwe kwanza wanasemaje wenyewe kwa wenyewe kazini. Tuanze na fomu moja tu, ukurasa mmoja, yenye nafasi nne: nilikagua nini, kwa mbinu gani, nilifika wapi, niliona nini. Na katika nafasi ya mwisho, neno "sawa" lisikubaliwe kuwa jibu.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliamini kwamba ufa utauona. Kizazi chetu kimepanda ndege na kuwasha taa kwa kutegemea nyufa ambazo mtu mwingine amezitafuta kwa niaba yetu, gizani, kwa sikio na kwa mwangwi. Haki yetu ndogo kabisa ni aandike kwa lugha inayosema wazi alipofika na alipoishia.